Je, Bingwa wa Ngumi ni Shahidi wa Dawa?



Wewe uliyeko Mombasa, Tanga au Unguja huenda Kilosa huijui ila kwa jina la stesheni. Ni mji wa zamani, katika njia ya misafara iliyokuwa ikiteremka Bagamoyo, na watu wa pwani wamo humo tangu enzi za mababu. Mimi nina dada yangu aliyeolewa huko, na safari yangu ya mwisho kwake ndiyo iliyonitia katika suala hili ninalokuletea.

Mwanawe hupigana ngumi. Mchana hupakia mizigo Mikumi, pale malori yaendayo Zambia yanapopumzika baada ya kuikata mbuga ya wanyama, na jioni hufanya mazoezi na wenziwe. Bega lake la kulia limeharibika. Mkono haupandi juu ya sikio ila aume meno. Usiku wa pili dada yangu aliniita uani akaninong'oneza ya kwamba kijana avuta bangi.

Nilimkabili kwa ukali. Hakukana. Alinionyesha katika simu yake picha ya Mike Tyson, akasema: "Mjomba, huyu amesema wazi mbele ya dunia nzima kuwa bangi imemtuliza maumivu na hasira. Na si ninyi wazee mliotuletea picha yake yuko Makka?"

Basi hapo nilinyamaza, kwani maneno yake yalikuwa kweli. Tyson alipokwenda Umra mnamo Desemba 2022, sisi ndio tulioieneza ile picha kutoka simu hadi simu kwa takbiri na mashairi. Mimi mwenyewe niliituma katika nyumba ile ile ya Kilosa. Hatukuuliza habari zake nyingine. Kijana alikuwa na haki ya kudhani kwamba mtu tuliyemsifu hivyo, neno lake ni hoja.

Na habari zake nyingine zajulikana. Aliutwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa juu mwaka 1986 akiwa na miaka 20 tu, na hapana bondia aliyeutwaa akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 1992 mahakama ya Indiana ilimtia hatiani kwa kubaka, akafungwa miaka mitatu kasoro, naye mpaka leo akana kosa hilo. Uislamu aliujia gerezani. Mwaka 2000 alipigana na Andrew Golota, na alipopimwa ikaonekana bangi, ushindi wake ukafutwa. Mwaka 2020 alirudi ulingoni na Roy Jones pambano la maonyesho, akasema bila kificho kwamba alivuta kabla ya kupanda. Hata hivyo sharti niongeze lile ambalo mpwa wangu hakuliongeza: kwamba mtu huyu amefungua biashara ya bangi, na jina lake limebandikwa juu ya bidhaa.

Ewe msomaji uliyekaa darasani kwa masheikh wetu, wajua fikihi yasemaje juu ya shahidi anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake. Hakubaliwi, hata akiwa mtu mwema, hata akiwa asema kweli. Si kumtukana, ni kuulinda ukweli na mfuko wa mtu. Nilimwambia hivyo mpwa wangu, naye akanijibu upesi (vijana wa leo wamesoma, na wasiyoyasoma wayapata simuni): "Na Kareem Abdul-Jabbar je?"

Huyu ni Mwislamu aliyeshika rekodi ya pointi nyingi katika mpira wa kikapu wa NBA tangu 1984 hadi 2023. Mwaka 1998 alikamatwa na bangi kidogo katika uwanja wa ndege wa Toronto akatozwa faini, na ameeleza kwamba huitumia kwa kichefuchefu cha kipandauso. Nakiri kwamba jibu langu la duka halimgusi huyu. Lakini yeye asema juu ya kichwa chake. Bega la kijana wa Kilosa hajaliona.

Wala tusijidanganye kwamba mmea huu hauna dawa ndani yake. Tangu 1985 Marekani imekuwa na kidonge cha asili hiyo kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa ukali wa matibabu, na mwaka 2018 ikaidhinishwa dawa ya maji itokanayo na bangi kwa aina za kifafa kigumu cha watoto. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, pamoja na kuiharimisha bangi kwa ulevi wake, hawakuihesabu najisi kama mvinyo, na wameruhusu hata kitu chenye kuondoa akili kwa mgonjwa wa kukatwa kiungo, pakiwa hapana njia nyingine na tabibu mwaminifu ameamua. Tazama basi ruhusa hiyo imefungwa kwa nini: kwa haja, kwa kukosekana kingine, na kwa mjuzi mwenye kupima. Ule msokoto wa Mikumi hauna hata moja ya hayo matatu. Hapana ajuaye kipimo chake, na sheria ya Tanzania ya 2015 yaweza kumtia mwenye nao gerezani. Tena kwa bondia upo ubaya mwingine. Maumivu ya bega yalikuwa yakimwambia asipige. Yeye huyanyamazisha usiku, na asubuhi apiga.

Hayo yote nilimwambia, na nilidhani nimeshinda. Ndipo aliponiuliza kwa upole: "Mjomba, mwaka mzima nasema bega laniuma. Nani amenisikiliza?"

Msomaji wangu, hili ndilo lililoninyima usingizi. Baba yake alimwambia mwanamume halalamiki. Mwalimu wake wa ngumi alimwambia ajikaze. Mimi nilipopiga simu nilimwuliza habari za swala na za kazi, nikakata. Katika watu wote anaowaheshimu, yule wa mbali peke yake ndiye aliyesema hadharani: mimi naumwa, silali, naiogopa hasira yangu. Hicho ndicho alichokipenda kwa Tyson kabla ya bangi, na katika hilo sikuona kosa la kumpendea mtu. Bangi iliingia kwa mlango ambao sisi tuliuacha wazi.

Asubuhi tulishuka Morogoro, yeye na mimi. Njiani hatukusema mengi. Daktari alimgeuza mkono huku na huku, akaagiza picha, kisha akauliza kama kuna chochote anachotumia kupunguza maumivu. Kijana alinitazama. Nami, Mungu anisamehe, moyo wangu ulitaka aseme hapana, kwa ajili ya heshima yetu.

"Bangi," akasema. "Kila usiku, tangu Ramadhani ilipokwisha."

Daktari aliandika bila kuinua kichwa, kama aandikaye jina la kijiji. Kisha akamwuliza, "Kiasi gani?"

Mpwa wangu alikifungua kiganja chake akakitazama, hakujua amjibu nini.