Kabla Sukari Haijapanda

Mtoto akizimia ghafla huko Salgaa, nchini Kenya, na vipimo vya hospitali vikaonyesha kisukari cha aina ya kwanza, swali la kwanza la jamaa huwa si la kitabibu. Nani ameyaleta haya? Mmoja atamtazama mama na peremende alizokuwa akimnunulia mtoto, mwingine atataja laana ya ukoo au jicho la jirani, na mcha Mungu atajiuliza moyoni ni dhambi ipi inayolipwa. Majibu hayo hayapatani, ila yote yanasimama juu ya dhana moja: kwamba ubaya ulianza siku ulipoonekana, na kwa hiyo mkosaji yuko karibu na siku hiyo. Dhana hiyo haina msingi.

Ndani ya kongosho mna vikundi vidogo vya seli ambavyo Paul Langerhans alivieleza mwaka 1869, na ambavyo leo huitwa visiwa. Humo seli beta hutengeneza insulini. Katika kisukari hiki, kinga ya mwili huzigeukia seli hizo, na kingamwili zinazoshuhudia vita hivyo huweza kupatikana katika damu miezi au miaka mingi kabla ya kiu na kukojoa kila mara. La ajabu zaidi limeonekana kwa panya wa maabara wa ukoo wa NOD, uliotokea Japani, ambao huugua kisukari wenyewe bila kuambukizwa wala kudungwa chochote. Kabla sukari haijapanda, seli beta zao hugawanyika kwa kasi isiyo ya kawaida na baadhi ya visiwa hutanuka. Anayependa kuona nia katika maumbile atasema mwili unapigania uhai wake. Huenda. Lakini ushahidi huohuo unasomeka pia kinyume: seli inayofanya kazi kupita kiasi hujianika zaidi mbele ya kinga, na yawezekana kukua huko ndiko kunakochochea shambulio. Isitoshe, panya si mtoto. Kwa binadamu seli hizi huongezeka hasa katika miaka ya mwanzo ya utoto, na dalili za ongezeko la baadaye ni hafifu. Ninachokichukua kwa panya ni kidogo lakini kinatosha: kiungo kinaweza kuonekana kinastawi ilhali kimekwisha kushambuliwa.

Wakazi wa Salgaa wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Barabara ya kutoka Eldoret hushuka mteremko mrefu toka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa, na kwa miaka mingi wapo madereva wa malori waliotoa gia huko juu ili waokoe dizeli, breki zikashindwa huku chini. Wengine walisema mahali hapo pana mapepo. Waliyatafuta pale damu ilipomwagika. Ila mfano huu una mpaka wake: kule juu palikuwa na dereva aliyechagua, na katika kongosho la mtoto hakuna aliyetoa gia.

Nitaambiwa kwamba ugonjwa ulioanza mapema hivyo basi ni majaaliwa. Hapana. Pacha wanaofanana kabisa kwa urithi mara nyingi huugua mmoja, mwingine akabaki mzima. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumabu, dawa ambayo katika jaribio iliahirisha ugonjwa kwa takriban miaka miwili. Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba dawa hiyo haifiki kwa familia ya Salgaa, ambayo huenda hata insulini yenyewe inaihangaikia. Ni kweli, na ni dhuluma. Hata hivyo, kujua mwanzo halisi wa ugonjwa hakugharimu kitu, na kunamwondoa mama kizimbani.

Kwa muumini, mwanzo huu wa mapema haupunguzi uzito wa swali. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanauliza kama aliyetenda dhambi ni kipofu au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Linalobaki ni gumu kuliko lile la peremende: kwa nini kinga iliyowekwa kumlinda mtoto imgeuke mtoto? Hilo ni la kumuuliza Muumba, na mzazi hapaswi kulijibu kwa niaba Yake.