Somo la 6: Sauti Mpya Mahali pa Kazi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mdo. 18:24–28, Amu. 8:1–3, 12:1–6, Law. 19:16–18, Mt. 18:15–17, 1 Kor. 3:4–9, 16:12, Yak. 1:19, 20.

Fungu la kukariri: Yakobo 1:19. Lisome kila asubuhi katika Biblia yako kabla ya kwenda kazini, mpaka uweze kulisema bila kuangalia.

Dada mmoja alikuwa mhasibu katika ofisi ileile kwa miaka tisa. Siku moja akaletwa kijana mpya, wakawekwa chumba kimoja. Kijana huyo alipoongea na simu alisikika hadi nje. Katika kikao chake cha kwanza alisema mbele ya wote kwamba utaratibu wao wa kutunza hati za malipo ni wa kizamani. Kila jambo alikuwa na la kusema: siasa, mpira, dini, hata chumvi ya mboga ya mchana.

Mwisho wa mwezi ukafika hesabu zikiwa hazijafungwa, na wafanyakazi wakaitwa Jumamosi. Dada huyu alikuwa na ruhusa ya siku nyingi kutoka kwa mkuu wake: Jumamosi haji, Jumapili anakuja peke yake kufidia. Kijana hakulijua hilo. Akasema kwa sauti, “Kumbe hapa kuna wenye Jumamosi yao na sisi tusio nayo!” Ofisi nzima ikacheka.

Dada hakujibu neno, na wenzake wakamsifu kwa upole wake. Lakini yeye na Bwana wake walijua kilichokuwa moyoni. Juma hili tutajifunza Biblia inatufundisha nini kuhusu kuishi na mtu kama kijana yule. Tena, na hili ni gumu zaidi, tutaona inamwambia nini mtu kama dada yule.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Mgeni Kutoka Iskanderia

Soma Matendo 18:24–26. Apolo alikuwa na mambo gani mema? Alipungukiwa na nini?

Paulo alikuwa amepita Efeso na kuwaacha huko Akila na mkewe Prisila. Hawa walikuwa washona mahema, waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Klaudio (Mdo. 18:2). Paulo alikuwa amekaa kwao Korintho na kufanya kazi pamoja nao. Baadaye aliwaandikia Warumi kwamba watu hawa wawili walikuwa tayari hata kukatwa shingo kwa ajili yake (Rum. 16:3, 4).

Ndipo akatokea Apolo. Alisimama katika sinagogi akanena kwa ujasiri na kwa moto. Tatizo ni kwamba habari aliyoijua iliishia kwenye ubatizo wa Yohana. Watu wawili waliokaa na mtume mwenyewe wakamsikiliza mgeni akifundisha kwa sauti kubwa jambo ambalo wao walilijua vizuri kuliko yeye. Wengi wetu tungeinamiana masikioni na kusema, “Debe tupu haliachi kutika.”

Lakini Apolo hakuwa debe tupu. Angalia jinsi Luka anavyomweleza. Kabla ya kutaja upungufu wake, anataja elimu yake, uhodari wake katika Maandiko, mafundisho aliyopokea, na bidii ya roho yake. Angalia pia kwamba Prisila na Akila walimsikia kwanza, kisha ndipo wakachukua hatua. Kujibu kabla ya kusikia, asema Sulemani, ni upumbavu na aibu (Mit. 18:13).

Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mgeni huona vumbi ambalo mwenyeji amekwisha kulizoea.

Mfikirie mtu mmoja ambaye sauti yake inakuchosha kazini. Andika mambo matatu mema uliyoyaona kwake. Ikiwa huwezi, je, ni kwa sababu hana, au ni kwa sababu hujamsikiliza?

JUMATATU
Lalamiko Moja, Majibu Mawili

Soma Waamuzi 8:1–3 na 12:1–6. Watu wa Efraimu walilalamikia nini mara zote mbili? Kwa nini mwisho wake ulikuwa tofauti?

Gideoni alikuwa akiwafuatia Wamidiani na watu wake 300, wakiwa wamechoka. Efraimu wakamjia kwa maneno makali: kwa nini hukutuita ulipokwenda vitani? Gideoni angeweza kujibu kwa ukali. Badala yake aliwakumbusha ushindi wao wenyewe, kwamba mikononi mwao ndimo walimotiwa Orebu na Zeebu, wakuu wa Midiani. Hakuwarubuni, maana jambo hilo lilikuwa kweli (Amu. 7:25). Hasira yao ikatulia.

Miaka ilipita, na Efraimu walewale wakamjia Yeftha na lalamiko lilelile. Safari hii walitisha hata kuiteketeza nyumba yake. Yeftha akajibu kwamba aliwaita na hawakuja. Huenda alisema kweli. Lakini jibu lake lilikuwa la kujitetea tu, na mara likafuatwa na upanga. Kwenye vivuko vya Yordani wakaanguka watu 42,000, ndugu kwa ndugu.

Gideoni hakusema kwamba Efraimu wamefanya vema kufoka. Alitambua kwamba nyuma ya makelele yao kulikuwa na hofu ya kusahauliwa, akaijibu hofu hiyo. Mara nyingi mfanyakazi mpya anayesema sana anaogopa jambo lilelile: asiposema, hataonekana. Sifa moja ya kweli, iliyosemwa mbele ya wengine, inaweza kufanya kazi ambayo hoja kumi haziwezi.

Ni lini ulikuwa na haki katika mabishano, na bado jibu lako likaharibu uhusiano? Ungejibuje leo?

JUMANNE
Chuki Yenye Adabu

Soma Walawi 19:16–18. Ni makatazo gani yaliyowekwa pamoja katika mafungu haya? Kwa nini Mungu ameweka amri ya kumkemea jirani katikati yake?

Mwisho wa fungu la 18 tunaujua sote, kwa kuwa Yesu aliutaja kuwa amri ya pili iliyo kuu (Mt. 22:39). Lakini njia ya kufika huko inapita fungu la 16 na la 17. Usizunguke ukichongea. Usimchukie ndugu yako moyoni. Mwambie kosa lake, usije ukashiriki dhambi kwa ajili yake. Kwa sheria hii, kunyamaza si upole sikuzote. Kunaweza kuwa chuki iliyovaa nguo safi.

Turudi kwa dada yetu. Yeye na wafanyakazi wenzake wawili wa siku nyingi walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Huko kijana yule alipewa jina la utani, na kila alichosema mchana kilichekwa usiku. Kisha wakaguzi wa hesabu wakabadilisha siku ya kuja. Habari ikawafikia wale watatu, na hakuna aliyemwambia kijana. Wakaguzi walipofika, mafaili yake hayakuwa tayari, akakemewa mbele ya wote. Hakuna aliyemtukana wala kumdanganya. Walinyamaza tu, na dada alifurahi.

Jumamosi iliyofuata alisimama kanisani kuongoza maombi, na maneno yakamkauka kinywani. Aliitunza siku ambayo kijana aliicheka. Lakini alikuwa ameingia nayo katika nyumba ya Bwana akiwa amebeba kitu ambacho hakutaka kukitua mlangoni.

Kama Yesu angesoma leo ujumbe wote uliowaandikia wenzako kuhusu mtu mmoja pale kazini, ni upi ungetamani kuufuta? Je, yuko mtu unayepaswa kumwomba msamaha?

JUMATANO
Pembeni, Si Mbele za Watu

Soma tena Matendo 18:26–28, kisha Mathayo 18:15–17. Prisila na Akila walifuataje kanuni ya Yesu?

Hawakusimama katika sinagogi kumsahihisha Apolo mbele ya wasikilizaji wake. Walimchukua nyumbani kwao na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mtu aliyefundishwa nyumbani, kwa ukarimu, halazimiki kutetea heshima yake. Anaweza kusikia.

Tunajifunza nini kwa ajili ya ofisi zetu? Kwanza, chagua saa ambayo hasira imepoa. Pili, anza na kosa lako mwenyewe, ikiwa unalo. Tatu, sema jambo moja lililotokea, wala usihukumu tabia yake yote. Kumwambia mtu “Uliposema vile juzi, niliona aibu” ni tofauti na kumwambia “Wewe una mdomo.” Nne, muulize, kisha usikilize jibu lake. Na kama shida ni kelele tu, omba kwa maneno ya kawaida: “Ndugu yangu, nalinganisha hesabu hapa, naomba simu hii ukaizungumzie nje.” Huenda hakuna aliyewahi kumwomba.

Angalia pia kilichofuata. Apolo hakutoka kwa Prisila akiwa mnyamavu. Alikwenda Akaya, na kule aliendelea kuhojiana hadharani kwa nguvu, akawasaidia sana waamini. Wenyeji wake hawakutafuta kuizima sauti yake. Walitaka sauti hiyo ibebe kweli.

Lakini si kila sauti kubwa ni ya Apolo. Kama kuna matusi, vitisho au unyanyasaji, Yesu ameweka hatua zaidi ya ile ya kwanza: mashahidi, kisha kanisa. Paulo mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari (Mdo. 25:11). Kumpelekea mkuu wa kazi jambo la namna hiyo si kukosa upendo.

Kwa nini ni rahisi zaidi kumsema mtu kwa wengine kuliko kusema naye mwenyewe?

ALHAMISI
Aliyepanda na Aliyetia Maji

Soma 1 Wakorintho 1:12, 3:4–9, 16:12. Wakorintho waliwafanyia nini Paulo na Apolo? Paulo alijibuje?

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu (Mdo. 18:11). Kisha akaja Apolo na ufasaha wake, na baadhi ya washiriki wakaanza kusema kwamba wao ni wa Apolo. Wapo walioona usemi wa Paulo kuwa si kitu (2 Kor. 10:10). Hebu wazia: kazi uliyoianzisha kwa machozi, na mtu aliyekuja nyuma yako ndiye anayesifiwa.

Hapa ndipo penye kidonda ambacho wengi wetu hatupendi kiguswe. Mara nyingine kinachotuumiza si sauti ya mwenzetu. Ni kwamba anasikilizwa.

Paulo hakushindana. Alisema kwamba yeye alipanda, Apolo alitia maji, na mwenye kukuza ni Mungu. Apandaye na atiaye maji ni kitu kimoja. Zaidi ya hayo, alimsihi sana Apolo arudi Korintho, mahali ambapo jina la Apolo lilikuwa limetumiwa dhidi yake. Apolo hakukubali kwenda wakati ule, na Paulo hakumlazimisha. Miaka baadaye alimwagiza Tito amsaidie Apolo katika safari yake, asipungukiwe na kitu (Tito 3:13). Mtu mwenye wivu haandiki maneno kama hayo.

Je, unaweza kumwombea mwenzako afanikiwe katika kazi ambayo wewe pia unaiweza? Jaribu leo, kwa jina lake.

IJUMAA

Kwa kujifunza zaidi: Soma sura inayohusu Apolo kule Korintho katika kitabu cha Ellen G. White, Matendo ya Mitume.

Jumatatu iliyofuata dada yule alimwomba kijana wanywe chai pamoja. Alianza na lililokuwa zito: “Nilijua wakaguzi wanakuja. Sikukuambia. Nisamehe.” Kijana akakaa kimya, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kisha dada akamwambia jinsi neno lile la Jumamosi lilivyomuumiza, akamweleza kwa nini haji siku hiyo na kwamba Jumapili hufanya kazi peke yake. Kijana akajibu, “Dada, hakuna aliyeniambia. Nilidhani unapendelewa.”

Kijana hajaomba masomo ya Biblia, na bado anaongea na simu kwa sauti kubwa. Lakini sasa akiombwa huenda nje. Utaratibu wake wa kutunza hati za malipo ndio unaotumika katika ofisi ile, na dada anakiri kwamba ni bora kuliko ule wa zamani. Mwisho wa mwezi uliofuata, mtu mwingine alipouliza kwa nini dada hayupo Jumamosi, aliyejibu alikuwa kijana. Kama kawaida yake, alijibu kwa sauti ya kusikika na wote.

Maswali ya Kujadili:

1. Dada yule alikuwa na haki kuhusu Sabato, lakini alikosea kuhusu jirani yake. Je, tunawezaje kuisimamia kweli bila kumchukia anayeicheka?

2. Jadilini tofauti kati ya upole na kunyamaza kwa kinyongo. Mtu atajuaje kwamba amevuka kutoka kimoja kwenda kingine?

3. Tukiwa sisi ndio wageni katika ofisi au kanisa, Yakobo 1:19, 20 inatuambia nini kuhusu siku zetu za kwanza?

4. Kundi lenu lina washiriki wapya wenye maoni mengi? Ni nani atakayewaalika nyumbani kwake Sabato hii?