Morogoro, Geuka Leo!

Wewe unajua. Sikuandikii jambo geni. Ulilijua mwaka juzi, ukalijua mwaka jana, na hata juzi jioni ulipompita yule kijana pale Msamvu, shahada iko begani kwenye mkoba na vocha ziko mkononi, moyo ulikuchoma. Ukaunyamazisha. Ukasema: tutaona.

Hutaona! Asemaye tutaona huamka akakuta wenzake wamelima, wamepanda, wamevuna.

Njoo nikuonyeshe. Njoo sokoni alfajiri, magari ya Mgeta yanaposhusha mzigo. Inua tenga la chini kabisa. Litazame! Nyanya zimepasuka. Maji mekundu yanachuruzika kwenye mbao, yanapita katikati ya vidole vya mbebaji, yanagandia sakafuni. Ikifika adhuhuri nyanya nzima zimekwisha kwenda, na zilizobaki zinaitwa masalo, zinauzwa kwa bei ya kuona aibu. Ikifika jioni zimemwagwa. Na mkulima aliyezilima kwenye mteremko wa Uluguru, akazibeba kichwani, akazilipia ushuru, anarudi nyumbani na nauli tu.

Sasa inua macho! Kutoka hapo sokoni si mbali, kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Toka mwaka 1984 kinabeba jina hilo zito. Mle ndani wapo wanaojua kukausha, wanaojua kusindika, wanaojua kufungasha. Kila mwaka vyuo vyetu vinapokea tasnifu mpya: jalada gumu, herufi za dhahabu, halafu rafuni. Majibu ya lile tenga yako humo, ndugu yangu! Yanasubiri nani?

Zipo na halmashauri. Sheria imeziagiza kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejea. Tumepewa nafasi ya pili! Tutairudia njia ile ile? Kikundi kinaundwa wiki moja kabla ya fomu, fedha zinagawanwa, pikipiki zinanunuliwa, na siku ya marejesho hakuna anayepokea simu?

Wapo na wafanyabiashara. Wana malori, wana maghala, wana hoteli zenye meza arobaini, na juu ya kila meza chupa ya sosi ya nyanya iliyosafirishwa kutoka mbali. Katika mji wa nyanya!

Zao lipo, ujuzi upo, fedha ipo, mnunuzi yupo. Wote katika mji mmoja, na hawasalimiani.

Msiniambie mnangoja mradi mkubwa. Wazee, mmekisahau kiwanda cha viatu? Kilijengwa hapa hapa Morogoro kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viatu viuzwe hadi Ulaya. Hakikupata kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Fedha ilikuwapo! Mitambo ilikuwapo! Jengo lilikuwapo! Naamini kilichokosekana ni watu wa kukaa mapema na kuulizana: ngozi ipi, fundi yupi, mnunuzi nani. Kiwanda kilishushwa juu ya mji kama tenga; hakikuota kutoka chini kama mche.

Wala msiniambie kwetu haiwezekani. Mtazameni panya! Naam, panya buku. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO kutoka Ubelgiji limefanya kazi bega kwa bega na SUA, wakawafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini, kisha kunusa kifua kikuu katika makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyefundishwa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvika nishani ya dhahabu.

Panya! Alipewa mwalimu, akapewa kazi ya kweli, akapewa mtu wa kumngoja mwisho wa kamba. Je, mwanao akipewa hayo matatu?

Sasa sikia hatari, maana ipo mlangoni. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi hapa kwa muda usiofika saa mbili. Tulishangilia, na ilistahili kushangiliwa. Lakini reli haichagui mzigo. Tukiwa na chupa za sosi za kupakia, itapakia chupa. Tusipokuwa nazo, itapakia vijana, na mji wetu tunaouita mji kasoro bahari utakuwa pia mji kasoro watoto wake.

Geuka basi! Geuka ungali na wa kumwita!

Mfanyabiashara, tajiri wangu, naanza na wewe, kwa kuwa wengi hukuweka mwisho. Sikuombi sadaka. Sikuombi udhamini wa fulana na maji ya chupa. Toa oda! Sema: nitachukua chupa mia mbili za sosi kila mwezi, ziwe na nembo ya TBS, kizibo kisivuje, ladha isibadilike. Itie sahihi. Karatasi hiyo moja itamfanyia kijana kazi ambayo semina kumi za ujasiriamali hazikuifanya, kwa sababu ina tarehe, ina idadi, ina mtu wa kumdai.

Profesa, mwalimu wangu, kijana akija na karatasi hiyo mfungulie maabara. Mpimie asidi, mpimie maji, mwambie ukweli kuhusu sosi yake hata ukimuuma. Na huyo mwanafunzi wako wa mwaka wa mwisho mpe alama kwa bidhaa iliyouzika, si kwa kurasa tu. Baadhi ya wahitimu wako walikwisha thubutu wakaunda ushirika wao, SUGECO. Usiwaache peke yao njiani!

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mkurugenzi, mkopo uje hapo. Hapo, si kabla! Oda kwanza, kipimo pili, fedha mwisho. Kwa miaka tumeanza na fedha, ndiyo maana tumemaliza na madeni. Na pamoja na fedha toeni banda lenye umeme, lenye maji, lenye mlango unaofungwa. Halmashauri gani haina jengo lake lililokaa tupu na kufuli kutu? Wewe unalijua lako. Unajua na ufunguo uko droo gani.

Nawe kijana, usijifiche nyuma ya wakubwa. Shika daftari la mauzo. Osha mikono. Lipa rejesho la kwanza kwa wakati, kwa kuwa nyuma yako wamepanga foleni wadogo zako, nao watapimwa kwa jina lako.

Msiitishe kongamano. Msichapishe mabango. Msiunde kamati ya kuunda kamati! Watu watatu wanatosha kuanza: mwenye duka, mwenye maabara, mwenye ufunguo. Namba za simu mnazo. Mnapigiana misibani, mnapigiana harusini. Pigianeni na kwa hili.

Usiku huu, wakati unasoma, magari yanapakia kule Nyandira, Mgeta. Wanafunga kamba, wanakaza turubai, wanawasha injini. Alfajiri yatakuwa sokoni. Kutaneni hapo, ninyi watatu, kabla tenga la chini halijainuliwa.