Pedali Iliyochekwa

Wengi wetu hatujiulizi kama kitu kisicho na roho kinaweza kudhulumiwa. Tukimsengenya mtu, tunajua moyoni kwamba tumefanya ubaya, hata kama tutajitetea kuwa tuliyoyasema yalikuwa kweli. Lakini tukikisema vibaya kiatu, baiskeli au redio, nani ataumia? Kiatu hakina masikio. Nami nilikuwa na fikra hiyo kwa miaka mingi, wala sikuona haja ya kuichunguza, mpaka nilipojikuta nalazimika kufikiri juu ya kisanduku kidogo cha chuma ambacho wapiga gitaa wa nchi nyingi wamekuwa wakikicheka tangu zamani.

Kisanduku chenyewe kinaitwa Metal Zone. Msomaji asiyepiga gitaa aniwie radhi, nitamweleza kwa kifupi. Gitaa la umeme likiunganishwa na amplifaya hutoa sauti safi, ile tuliyoizoea katika muziki wa dansi, ambapo kila uzi unasikika peke yake. Pedali ya mkwaruzo huwekwa sakafuni, kati ya gitaa na amplifaya. Mpigaji akiikanyaga, mawimbi ya sauti hukuzwa kupita kiasi hata vilele vyake vikakatika, na ile sauti safi hugeuka ikawa nzito, yenye kukwaruza na kunguruma. Ufundi huu ulitokana na ajali. Katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961, chombo kimoja cha studio kule Nashville kiliharibika, na gitaa la Grady Martin likatoa mngurumo ambao hakuna aliyeukusudia. Wangeweza kuufuta, wakauacha. Mwaka 1962 pedali ya kwanza ya kutoa mngurumo wa namna hiyo, Maestro Fuzz-Tone, ilikwisha kuingia madukani. Kwa hiyo tukumbuke tangu hapa kwamba tunazungumza juu ya kosa lililopendwa.

Metal Zone ilitolewa na Boss, tawi la kampuni ya Roland ya Japani, mwaka 1991. Huo ndio mwaka ambao Metallica na Nirvana walitoa sahani zilizouzwa kwa mamilioni, na vijana wengi walitaka gitaa lingurume. Pedali hii iliwapa mngurumo mwingi kuliko walivyowahi kupata kwa bei ile. Ina vifundo vinne vya kuzungusha, lakini viwili kati yake vina pete ya nje na kichwa cha ndani, kwa hiyo mambo ya kurekebisha ni sita: ukubwa wa sauti, wingi wa mkwaruzo, sauti nzito, sauti kali, sauti za kati, na mahali hasa ambapo hizo sauti za kati ziongezwe au zipunguzwe, kuanzia hezi 200 hadi hezi 5,000. Kampuni yenyewe imesema imeuza zaidi ya milioni 1. Pamoja na hayo, au pengine kwa sababu ya hayo, jina lake limekuwa mzaha. Mpiga gitaa akitaka kuchekesha wenzake hutaja Metal Zone, nao hucheka kabla hajamaliza. Wanasema inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa nafundisha gitaa kikundi cha vijana jijini Dar es Salaam. Tulikuwa na magitaa mawili mabovu na amplifaya moja, na tulikutana Jumamosi mchana. Kijana mmoja, mpole, mwenye vidole vizuri kuliko wenzake wote, alikuja siku moja na Metal Zone aliyoletewa na mjomba wake kutoka ng'ambo. Alikuwa ameifunga kwa taulo ndani ya mfuko wa plastiki. Aliitoa taratibu, kama mtu anayetoa mayai. Mimi sikuwa nimewahi kuigusa pedali hiyo maishani mwangu. Nilikuwa nimesoma tu katika jarida moja la kigeni kwamba ni takataka, na nilikuwa nimesikia wapigaji wawili waliopita Ulaya wakiicheka. Alipoikanyaga, chumba kizima kikajaa zogo. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Zima nyuki wako, bwana, watatuuma." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Yeye pia alicheka, ile cheko ya mtu asiye na njia nyingine. Akaifunga tena kwa taulo lake. Jumamosi mbili baadaye hakuja, na hakurudi tena.

Sitaki kujikweza kwa kudai kwamba neno langu moja liliuvunja muziki wa mtu. Vijana huacha mambo kwa sababu nyingi. Lakini neno nililisema, na miaka ilivyopita likawa linanirudia kila niliposikia mtu akiitaja pedali ile.

Wapo wanaoitetea Metal Zone kwa njia iliyo nyepesi mno. Husema pedali haina kosa lolote, kosa ni la mpigaji, na hukumbusha methali yetu kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni nzuri kwa kumfokea mvivu, lakini hailitetei jembe lenye mpini uliopinda. Chombo nacho kina tabia zake. Aliyewahi kukatia mboga kisu butu anajua kwamba si kila kidonda ni uzembe wa mkataji. Basi niliona kwamba nikitaka kutoa hukumu ya haki ni lazima nifanye jambo ambalo sikulifanya siku ile, yaani kuisikiliza.

Nikanunua moja, kuukuu, iliyokwaruzwa rangi lakini nzima. (Hilo lenyewe ni ushahidi. Visanduku hivi hukanyagwa miaka na miaka wala havivunjiki.) Nikakaa nayo chumbani jioni nyingi, mlango umefungwa, jirani zangu wakivumilia.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba siku ya kwanza niliipenda. Nilipunguza sauti za kati mpaka mwisho, nikaongeza nzito na kali, nikazungusha mkwaruzo wote. Kwa sauti ya chini, chumbani, peke yangu, nilikuwa jitu. Jumapili nikaichukua kwa rafiki zangu wawili, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma. Hatukufika hata nusu ya wimbo. Gitaa langu lilipotea kabisa. Kilichobaki ni mchakacho wa juu, kama mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili.

Sababu inajulikana, wala si siri ya wachawi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vyao kuhusu jinsi sikio linavyosikia. Sauti ikiwa ya chini, sikio letu huwa zito kwa sauti nene na kwa zile za juu sana, na husikia vizuri zaidi zile za kati. Kwa hiyo kijana anayepiga chumbani kwa sauti ndogo, akiogopa kumwamsha baba yake, huongeza nzito na kali ili apate utamu. Akifika jukwaani na kufungulia amplifaya, sikio linabadilika, na alichokiongeza kinamgeuka. Tena gitaa kwa asili yake hukaa katikati. Huku chini pana besi na ngoma kubwa, kule juu pana matoazi. Anayeziondoa sauti za kati amekiondoa kiti chake mwenyewe, kisha anashangaa kwamba amesimama.

Pedali nyingi haziwezi kumpoteza mtu kiasi hicho, kwa kuwa vifundo vyake havina nguvu. Vya Metal Zone vina nguvu nyingi, tena virekebisho vya sauti huja baada ya mkwaruzo, kwa hiyo ukivizungusha kidogo tu sura yote ya sauti inabadilika. Hapo ndipo ninapoona kosa lake la kweli. Inampa mwanafunzi uwezo wa bwana bila kumwonya. Siwezi kulifuta kosa hilo. Zaidi ya hayo, hata ukiitumia kwa busara ina unyuki wake, mvumo fulani mwembamba wa juu usiokwisha wote. Aliyesema inalia kama nyuki hakusema uongo mtupu.

Lakini nilipoongeza sauti za kati, nikapunguza mkwaruzo mpaka robo, na kuiacha sauti kali chini, wale rafiki zangu wawili waliniuliza nimeazima pedali ya nani. Wengine huichomeka nyuma ya amplifaya, katika tundu linaloruka hatua ya kwanza ya ukuzaji, na hapo tabia yake hulainika zaidi. Mambo haya hayahitaji pesa. Yanahitaji mtu wa kukuonyesha.

Na sifa mbaya, jamani, haina mizizi kama tunavyodhani. Boss hao hao walitoa pedali nyingine mwaka 1983, HM-2, ambayo utengenezaji wake ulisimama mwaka 1991, mwaka ule ule Metal Zone ilipozaliwa. Wapo waliokuwa wakiiona kuwa kelele tupu. Lakini vijana wa Stockholm waliokuwa wakirekodi katika Studio ya Sunlight, Entombed wakiwa mbele yao, walizungusha vifundo vyake vyote mpaka mwisho, jambo ambalo mwalimu yeyote mwenye akili angewakataza, wakatoa sahani yao "Left Hand Path" mwaka 1990. Leo sauti ile, inayofananishwa na msumeno, inatafutwa na watu wengi, na mwaka 2020 Boss wakairudisha HM-2 madukani kwa umbo jipya. Hata Metal Zone imepata toleo lake la heshima, mwaka 2018. Kisanduku cha mwaka 1983 hakikujirekebisha kabatini. Walioisikiliza ndio waliobadilika.

Ndiyo maana nashuku kwamba tukiicheka Metal Zone hatuicheki pedali. Fikiri ni nani aliyeinunua. Chombo kinachouzwa milioni na zaidi kwa bei ya kijana aliyedunduliza hufika kwanza kwa wanaoanza. Tumeisikia mara elfu katika mikono isiyojua. Katika mikono inayojua pengine tumeisikia na hatukujua kuwa ndiyo, kwa sababu sauti ikipendeza hakuna anayeuliza imetoka wapi. Basi jina lake limebeba makosa ya wanafunzi wote wa enzi moja. Kumcheka mwanafunzi usoni ni aibu, kwa hiyo tunacheka kilicho miguuni pake. Naye anasikia. Nilisema kiatu hakina masikio, lakini mwenye kukivaa anayo, na mara nyingi ndicho kiatu pekee alicho nacho.

Hapa hukumu yangu inanigeukia, na sioni pa kukimbilia. Pedali ina kosa, nimelitaja. Lakini siku ile mimi sikulijua kosa hilo. Nilitoa ushahidi wa kusikia, kwa maneno ya jarida, juu ya kitu kilichokuwa mbele yangu na ambacho ningeweza kukijaribu kwa dakika tano. Nilikuwa mwalimu. Ningeinama tu nikazungusha kifundo cha tatu. Kwamba nyuki walikuwepo kweli hakunisaidii; mtu aweza kusema kweli kwa bahati na bado akawa amedhulumu.

Mwaka juzi nilimwona yule kijana kwenye harusi. Si kijana tena, ana kitambi na watoto watatu. Aliniona yeye kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Tuliulizana hali, ya nyumbani, ya kazi. Nikamwambia kuna jambo limenikaa rohoni miaka mingi, nikalisema lote, pamoja na taulo na mfuko wa plastiki. Alinisikiliza akitikisa kichwa. Nilitarajia aseme amesahau, maana ndivyo watu wa kwetu wanavyosamehe. Hakusema hivyo.

"Nakumbuka," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikaipiga tena, nisikie kama ni kweli. Ilikuwa kweli, mwalimu, walikuwa nyuki." Akanywa soda yake kidogo. "Lakini mimi niliwapenda wale nyuki."

Nikamuuliza pedali iko wapi. Akasema aliiuza muda mrefu, akalipia ada ya mtihani. Nikamwambia ninayo moja nyumbani, inafanya kazi vizuri, imekosa betri tu. Aliniuliza kama bado nina lile gitaa jekundu. Nikasema ninalo, ila uzi wa pili umekatika. Akatoa simu yake akaandika kitu, kisha akaniuliza uzi wa pili ni namba ngapi siku hizi, na duka gani Kariakoo bado linauza nyuzi moja moja.