Je, Ni Dhambi Mkimbizi Kumlisha Mbwa?



Sisi ni mume na mke, wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, tunaoishi hapa Nakivale nchini Uganda. Wengi wenu mnatufahamu kwa sababu ya mbwa. Kwa sasa wako watatu mlangoni petu, na paka mmoja. Hatukuwanunua wala hatukuwaomba. Waliachwa na majirani waliopata safari ya kwenda ng'ambo. Nyumba zilifungwa, nao wakabaki wamelala mbele ya milango wakiwangoja watu ambao hawatarudi. Tunawapa maji na mabaki ya chakula, tunawapeleka kwenye chanjo inapoletwa, na mtu akihitaji mlinzi wa nyumba tunampa mmoja, akituahidi kumtunza.

Mara kwa mara tunaulizwa swali moja, na wanaotuuliza si watu wabaya. Wanasema: "Mgao umepunguzwa na watoto wanalala njaa. Mkristo anawezaje kumpa mbwa chakula?" Swali hilo ni la haki. Aprili 2020 mgao wa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na haikuishia hapo. Kila mzazi anajua maana yake. Kwa hiyo tumeona vema tujibu kwa maandishi, ili kila mmoja apime mwenyewe.

Mkate wa watoto

Wanaotupinga hutukumbusha Mathayo 15, habari ya yule mama Mkanaani. Bwana alimwambia kwamba chakula cha watoto si cha kutupiwa mbwa. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini tusome mpaka mwisho. Mama yule hakubisha kwamba watoto wana haki ya kwanza. Alijibu kwamba hata mbwa hupata makombo yanayoanguka mezani, na Bwana akaisifu imani yake. Tunajua kwamba habari ile inahusu mataifa na neema ya Mungu, si ufugaji. Hata hivyo mfano usingeeleweka kama mbwa wasingekuwapo chini ya meza katika nyumba za wakati ule. Utaratibu ni huu: watoto kwanza, mbwa baadaye. Lakini "baadaye" si sawa na "kamwe".

Nyumbani kwetu tunaufuata utaratibu huo. Watoto wakiisha kula, ndipo tunatazama kilichobaki: ukoko wa sufuria, vichwa vya dagaa, maji yaliyochemshia maharagwe. Siku ambayo hakuna ukoko, mbwa naye analala njaa pamoja nasi. Hakuna mtoto aliyenyang'anywa tonge. Basi tukisema "mtoto au mbwa?" hatujauliza swali lenyewe. Swali lenyewe ni hili: kile ambacho mtoto hali kiende wapi, na mkono ulioshika jiwe ufanye nini? Maana kumpiga mbwa jiwe hakujamshibisha mtoto yeyote.

Punda wa adui

Neno la Mungu halinyamazi juu ya wanyama. Katika Kutoka 20 wanyama wa kufuga wamepewa pumziko la Sabato pamoja na mtumwa na mgeni. Katika Kumbukumbu la Torati 25 ng'ombe anayepura nafaka hafungwi kinywa. Katika Luka 12 Bwana anawataja shomoro, ambao bei yao ilikuwa ndogo mno sokoni, lakini hakuna hata mmoja anayesahauliwa na Mungu. Nacho kitabu cha Yona kinaisha kwa Mungu kuutaja mji wa Ninawi, watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Angeweza kuwataja watu tu.

Mtu atasema: lakini mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9, anauliza kama kweli Mungu anawaangalia ng'ombe. Ni kweli anauliza hivyo, akitaka kuonyesha kwamba mtenda kazi wa Injili anastahili kula. Lakini hoja yake inasimama juu ya ng'ombe yule yule. Ikiwa hata mnyama hanyimwi, je, mwanadamu? Ukimwondoa ng'ombe, hoja ya mtumishi nayo inaanguka.

Neno linalotugusa zaidi ni Kutoka 23:5. Ukimwona punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo, usipite. Umsaidie mwenyewe kumwinua. Hapa makazini tunaishi Wakongo wa makabila mengi, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali, na wengine wana kumbukumbu chungu juu ya wenzao. Lakini punda aliyelemewa hana kabila. Watu wawili wakiinama kumwinua, wamekuwa bega kwa bega kabla hata hawajasalimiana. Pengine Mungu alimweka mnyama katikati kwa kusudi hilo.

Tena tukumbuke siku tulizokimbia. Wako kati yetu waliosikia risasi karibu, wakarudi hatua chache kuifungua kamba ya mbuzi au mlango wa banda la kuku. Hawakutumaini kuwaona tena wanyama wale, wala hapakuwa na faida yoyote mbele yao. Walijua tu kwamba kiumbe aliyefungwa hawezi kukimbia. Aliyewahi kukimbia anaijua thamani ya kamba iliyofunguliwa.

Je, huruma hupungua ikigawanywa?

Wengine wanaogopa kwamba anayewahurumia wanyama atawasahau watu. Historia haisemi hivyo. Mnamo 1824 huko London, mchungaji Arthur Broome alikutana na wenzake wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Mmoja wao alikuwa William Wilberforce, yule yule aliyepigana miaka mingi bungeni mpaka Uingereza ikapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Chama kilipoingia madeni, Broome alifungwa gerezani mwaka 1826 kwa ajili ya madeni hayo. Moyo uliomwona mtumwa ndio uliomwona pia farasi anayepigwa barabarani.

Wala si Wazungu peke yao. Katika Kivu yetu, kituo cha Lwiro kimewalea sokwe na nyani mayatima tangu 2002, katikati ya vita. Na huko Virunga, mwaka 2007, mtoto wa gorila aitwaye Ndakasi alipatikana akimshikilia mama yake aliyeuawa. Mlinzi wake, Andre Bauma, alimlea kama mwana mpaka alipofia mikononi mwake mwaka 2021. Ni Mkongo kama sisi, na vita vilimpitia kama sisi.

Mipaka

Hata hivyo kuna mpaka. Mtu anayemlilia mbwa na kumpita mjane jirani yake amepotea njia. Kikombe cha unga kikipatikana, kinakwenda kwa mjane. Tena upendo usio na akili ni hatari. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wakiwamo watoto wengi. Mtoto akiumwa na mbwa, osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mkimbilie kituo cha afya siku ile ile kwa ajili ya chanjo. Msingoje dalili, kwa maana zikitokea karibu hakuna anayepona. Lakini mawe na sumu haviumalizi ugonjwa huo. Unazuiwa kwa kuchanja mbwa, wapatao asilimia 70 katika eneo. Basi anayempeleka mbwa kwenye chanjo amewalinda watoto wa mtaa mzima.

Kwa hiyo tunawasihi, wapendwa. Mbuzi anayepelekwa sokoni kwa baiskeli asining'inizwe kichwa chini. Anayechinja atumie kisu kikali. Wazazi wawafundishe watoto kwamba kumtesa mnyama si mchezo. Na familia inayongoja safari, imkabidhi mbwa wake kwa jirani kabla ya siku ya basi, kwa jina lake na kwa chakula alichozoea. Akikosekana jirani, mlango wetu mnaujua.

Mithali 12:10 hukiweka kipimo cha mwenye haki mahali ambapo hakuna anayemtazama: katika jinsi anavyomtendea mnyama wake. Mbwa hawezi kutusifu kanisani wala kutulipa. Ndiyo sababu tunachomtendea kinaonyesha tulivyo. Sisi nasi tumejua kungoja mlangoni, tukitazama kama kuna mtu atakayefungua.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.