Akiba ya Umeme na Tumaini kwa Mungu

Kwa muumini wa Mbulu au Hanang, kununua chanzo cha akiba cha umeme huibua swali zito kuliko bei: je, kujihadhari ni kupungukiwa na tumaini kwa Mungu? Mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo unajibu waziwazi, kwani walioitwa wenye busara ni wale waliochukua mafuta ya ziada. Hata hivyo, busara hiyo ina kipimo. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na kwa kuwa kuitumia kupita nusu huifupishia maisha, taa nne za wati 10 na redio ya wati 20 zitadumu takriban saa 10, pungufu kidogo kwa sababu ya nishati inayopotea kwenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani. Jenereta ina nguvu zaidi, lakini moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua, na hapo ndipo uhuru wa mwenye nyumba unapokoma. Anayeiwasha chini ya dirisha la jirani, iwe Katesh au Haydom, hujipatia mwanga kwa pumzi ya mwingine. Kwa familia inayohitaji taa na simu tu, betri ndiyo chaguo la haki.