Sakafu Yangu, Dari Yako

Ukisimama Kisonge, Unguja, utayaona majumba ya Michenzani yamenyooka kandokando ya njia kuu zinazokatana, marefu kama majahazi yaliyotia nanga. Yalianza kujengwa katika enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa mwaka 1972, baada ya wataalamu wa Ujerumani Mashariki kuchora mpango wa mji. Nyumba nyingi za chini za Ng'ambo zikavunjwa, na watu wakapandishwa ghorofani.

Baraza haikupanda nao. Barazani jirani ulimwona asubuhi na jioni. Asipotokeza, ulibisha hodi. Ghorofani unasikia miguu yake juu ya kichwa chako, na huenda hata jina la mtoto wake hulijui. Je, haki yake imepungua kwa kuwa humwoni?

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari, Nuuman bin Bashir (r.a.) amepokea mfano aliopiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliogawana chombo kwa kura, wengine juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, basi wakafikiri watoboe tundu katika fungu lao wenyewe ili wasiwaudhi wenzao. Tazama nia yao: njema kabisa!

Katika jumba moja nililowahi kukaa, maji yalipanda kutoka chini. Yalipopungua, jirani wa chini alifunga pampu kwenye bomba. Alisema kainunua kwa pesa zake, na iko ndani ya mlango wake. Kweli tupu. Lakini kwa bibi kizee wa ghorofa ya nne mfereji ulikauka. Wajukuu wakawa wanampandishia ndoo kwa ngazi, alfajiri, apate kutia udhu.

Wengi watamlaumu mwenye pampu na kuishia hapo. Mimi naona mfano ule unatugusa zaidi sisi tuliobaki, kwani Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa wa juu wakiwaacha wenzao watoboe, wataangamia wote, wakiwashika mikono, wataokoka wote. Sisi wa ghorofa ya pili tulipata maji kidogo, ya kututosha. Tulimpita bibi ngazini, tukamwamkia kwa adabu, wala hatukugonga mlango wa chini. Tulijiambia si vyema kuingilia mambo ya watu.

Mwaka wa pili, nasi tukanunua pampu.